Vijistari Vitatu

Saa kumi na mbili na robo, Februari, giza bado,
naingia barabara kuu pale Mülheim
kama anayeingia foleni ya mkate.
Mbele yangu taa nyekundu, nyekundu, nyekundu
mpaka Essen, na baada ya Essen sitaki kujua.

Nabonyeza kitufe kwenye usukani.
Kwenye dashibodi kinatokea kigari cha kijivu
na nyuma yake vijistari vitatu:
hiyo ndiyo nafasi niliyoiomba.
Aliyeniuzia, kijana Yannick, mwenye kucha safi,
aliniambia: "Bi Wieczorek, miguu yako sasa ni wageni.
Ikaribishe ikae."

Rahisi kusema.

Lori la maziwa linapunguza mwendo.
Gari langu limejua kabla yangu,
linashika breki taratibu, kwa adabu,
kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.
Na mguu wangu wa kulia, niliousogeza kando ya pedali
usije ukaharibu kazi ya wenyewe,
unakanyaga zulia.
Hakuna kitu pale. Unakanyaga tena.

Baba alikuwa hivyo.
Miaka ishirini na tisa mgodini, makaa ya mawe,
hakuogopa mwamba wala gesi,
lakini nilipopata leseni alikaa kiti cha abiria
ameng'ang'ania mpini wa juu ya mlango,
akikanyaga breki isiyokuwepo
kutoka Gelsenkirchen hadi kwa shangazi Halina.
Zulia la upande wake likachakaa, likatoboka.
Mama akalitia kiraka cha jinzi.
"Huniamini?" nilimuuliza.
"Wewe nakuamini," akasema. "Ni mguu."

Nafasi yangu ya mistari mitatu haikai tupu.
Inaingia Opel; gari langu linarudi nyuma, linapima upya.
Anaingia bwana mmoja bila hata kuwasha kiashiria;
linarudi nyuma tena, halitukani.
Natukana mimi, kwa niaba yake,
kwa Kijerumani, na kwa maneno mawili ya Kipolandi
ambayo Baba alidhani sikuyasikia.
Zamani ningebana, bampa kwa bampa, hata sindano isipite,
nifike kazini taya zinauma
kana kwamba gari nimelibeba mgongoni.
Leo nimewahesabu walioingia mbele yangu
kutoka Mülheim hadi mdomo wa handaki:
kumi na saba.
Nimechelewa dakika mbili.
Miaka kumi na moja nilikuwa nikipigania dakika mbili.

Ndani ya handaki tunasimama kabisa.
Mwanamke wa gari la pembeni anapaka wanja, jicho moja tu.
Foleni inasogea, gari langu halisogei.
Linalia kidogo, ti, linangoja.
Likishasimama kitambo haliondoki mpaka niliambie,
kidole kimoja, kitufe kimoja, ndiyo.
Sijui kwa nini hilo limenigusa.

Tunatoka upande wa pili, theluji ya majimaji,
matope ya malori yanarukia kila kitu,
na mara dashibodi inaandika: *Rada haioni.*
Vijistari vinazimika vyote vitatu.
Sikupata hata muda wa kuogopa.
Mguu ulikuwa tayari juu ya pedali,
kama mlinzi aliyesinzia na viatu vyake,
na breki, safari hii, ilikuwepo.

Bochum, maegesho ya hospitali.
Nainama mbele ya gari, baridi inaningia shingoni,
napangusa uso wa rada kwa mkono wa koti
kama nilivyokuwa nikimpangusia Baba miwani,
naye akiikunja midomo, akinambia niache, anaona.
Kisha nafungua mlango kuchukua begi
na kuliona zulia, kando ya pedali:
limeanza kupauka, duara dogo,
ukubwa wa kisigino.

Nyumbani lazima kuna jinzi kuukuu.